Waya wa Kusikilizia na Waya wa Kusemea: Historia ya Antena na Uoanishaji Wake katika Musoma, Bunda na Butiama

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya antena ya redio katika eneo la Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, kwa kuihusisha na historia pana ya redio katika Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba kati ya waya wa kupokelea na waya wa kurushia ipo tofauti ya kiufundi, nayo ni uoanishaji. Tofauti hiyo ilienda sambamba na tofauti ya kisheria na kijamii kati ya watu wanaosikia na watu wanaosema. Makala yanaonesha kwamba redio ya ridhaa, ambayo humruhusu raia mwenye leseni kurusha mawimbi kwa mtambo wake mwenyewe, ndiyo sehemu ambapo tofauti hizo mbili hukutana na ambapo zinaweza kuondolewa kwa pamoja.

1.0 Utangulizi

Katika nyumba nyingi za Tanzania ya miaka ya 1970, redio ya betri ilikuwa na mahali pake pa heshima. Nyuma yake mara nyingi kulikuwa na kipande cha waya kilichopitishwa dirishani na kufungwa kwenye mti au kwenye bati la paa. Aliyefunga waya huo hakuupima urefu wala hakujiuliza unalingana na nini. Redio ilisikika vizuri kuliko awali, na hilo lilitosha. Laiti mtu huyohuyo angepewa mtambo wa kurushia na kuuunganisha na waya uleule, matokeo yangekuwa mengine. Sehemu kubwa ya nguvu ingerudi ilikotoka, sauti isingefika mbali, na mtambo wenyewe ungeweza kuungua.

Jambo hili dogo la kiufundi lina uzito wa kihistoria. Historia ya redio nchini imeandikwa zaidi kwa upande wa vituo vya utangazaji, vipindi, lugha na siasa. Waya unaounganisha redio na anga haujapewa nafasi kubwa, ingawa ndio ulioamua nani asikike na nani abaki msikilizaji. Eneo la Musoma, Bunda na Butiama linafaa kwa uchunguzi wa aina hii kwa sababu mbili. Kwanza, liko kando ya Ziwa Viktoria, ambalo mawasiliano ya redio yalivuka mapema. Pili, Butiama ni mahali alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na alipozikwa mwaka 1999. Kiongozi huyo aliitumia redio kuzungumza na taifa zima, wakiwamo majirani zake, ambao walimsikia lakini hawakuwa na njia ya kumjibu kwa chombo hichohicho.

2.0 Uoanishaji ni Nini

Ili hoja ya kihistoria ieleweke, ni muhimu kueleza kwanza kinachotokea waya unapounganishwa na redio. Antena rahisi na ya kale kuliko zote ni dipoli, yaani waya uliokatwa katikati na kulishwa nguvu katika mkato huo. Heinrich Hertz aliitumia huko Karlsruhe, Ujerumani, katika majaribio yake ya miaka ya 1886 hadi 1888. Dipoli hufanya kazi vizuri urefu wake unapokaribia nusu ya urefu wa wimbi. Kwa masafa ya megahezi 7.1, wimbi lina urefu wa takriban mita 42. Nusu yake ni mita 21, lakini kwa sababu za kifizikia waya halisi hupunguzwa kwa takriban asilimia tano, hivyo hubaki mita 20 hivi, yaani mita 10 kila upande. Mafundi hutumia kanuni fupi: gawanya 143 kwa idadi ya megahezi, nawe utapata urefu kwa mita.

Dipoli ya urefu huo, ikiwa mbali na ardhi na vitu vingine, huuonesha mtambo ukinzani wa takriban omu 73. Redio nyingi za kisasa za kurusha na kupokea zimeundwa zikitarajia omu 50. Ukinzani wa antena unapotofautiana na ule wa kebo, sehemu ya nguvu hurudi nyuma. Mawimbi yanayokwenda na yanayorudi hukutana ndani ya kebo na kujenga mawimbi simamizi, na uwiano wake ndio kipimo kinachosomwa na kila mrushaji. Kwa antena ya omu 73 na kebo ya omu 50, uwiano huo ni karibu 1.5, na nguvu inayorudi haifiki asilimia nne. Uwiano ukiwa 2, hurudi asilimia 11. Ukiwa 3, hurudi asilimia 25. Waya ambao si wa urefu unaofaa huongeza tatizo lingine, yaani riaktansi, ambapo nishati huhifadhiwa na kurudishwa badala ya kuangazwa. Uoanishaji ni kazi ya kuondoa tofauti hizo kwa kurekebisha urefu wa waya, kwa kutumia transfoma, au kwa kuweka kati ya redio na antena kisanduku chenye koili na kapasita, kinachoweza kuitwa kioanishi.

Msikilizaji alisamehewa kazi hiyo yote. Katika masafa mafupi, anga lina kelele nyingi za radi na za umeme wa majumbani. Waya usiooanishwa hupunguza sauti ya kituo na kelele hizo kwa kiwango kilekile, hivyo uwiano kati ya sauti na kelele hubaki karibu ulivyokuwa. Kipokezi huongeza vyote viwili, na mtu husikia. Mtambo wa kurushia haupati msamaha huo. Nguvu isiyotoka kwenye waya haipatikani tena mahali pengine popote, na ile inayorudi inaweza kuuharibu mtambo. Kwa ufupi, kusikia hakukuhitaji ujuzi wa waya, bali kusema kulihitaji.

3.0 Minara ya Kando ya Ziwa, hadi 1916

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, utawala wa Wajerumani ulijenga vituo vya simu ya upepo Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam. Viwili kati ya hivyo vilikuwa kando ya Ziwa Viktoria, na sababu yake inaonekana kwenye ramani. Bukoba iko ng'ambo ya ziwa ukitokea Mwanza, na kuzunguka kwa nyaya za telegrafu kupitia nchi kavu kulikuwa kazi ndefu na ya gharama. Mawimbi yalivuka maji bila kuhitaji nguzo. Musoma na pwani yake ilikuwa upande wa mashariki wa ziwa hilohilo, lakini haikuwa miongoni mwa vituo vitatu hivyo.

Antena za zama hizo zilikuwa kubwa. Mitambo ilitumia mawimbi marefu, na kwa kuwa hapakuwa na namna ya kujenga waya wa nusu wimbi katika urefu huo, wahandisi walisimamisha milingoti mirefu na kuifanya ardhi iwe nusu ya pili ya antena. Guglielmo Marconi alikuwa ameonesha thamani ya kuunganisha mtambo na ardhi, na kwa njia hiyo alidai kunasa ishara kutoka ng'ambo ya Atlantiki tarehe 12 Desemba 1901. Kwa hiyo, kituo cha redio kilikuwa jengo la serikali lenye mlingoti ulioonekana toka mbali, mashine ya umeme na wataalamu wa kuihudumia. Mtu binafsi asingeweza kuwa nacho.

Uzito wa milingoti hiyo ulidhihirika vita vilipoanza. Tarehe 22 na 23 Juni 1915, majeshi ya Uingereza yaliyovuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu yalishambulia Bukoba, na kituo cha simu ya upepo kilikuwa miongoni mwa malengo yao makuu. Walikiharibu kisha wakaondoka. Mwanza ilitekwa mwaka uliofuata, Julai 1916. Baada ya kupoteza vituo vyake, jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck liliweza mara chache kunasa habari zilizorushwa kutoka Nauen, Ujerumani, kwa vipokezi na nyaya za kubahatisha, lakini halikuwa na uwezo wa kujibu. Tofauti iliyoelezwa katika sehemu ya 2.0 inaonekana hapa katika sura ya kivita: waya wa kubahatisha ulitosha kulifanya jeshi lisikie, ila haukutosha kulifanya liseme.

4.0 Watu wa Ridhaa na Himaya, 1921–1961

Mabadiliko makubwa hayakuanzia serikalini. Baada ya vita, watu wa ridhaa katika Marekani na Ulaya waliachiwa masafa mafupi kwa sababu wataalamu waliyaona hayana faida kwa mawasiliano ya mbali. Desemba 1921, ishara za watu wa ridhaa kutoka Marekani zilisikika Ardrossan, Scotland. Novemba 1923, Leon Deloy wa Nice, Ufaransa, aliwasiliana na wenzake Fred Schnell na John Reinartz walioko Marekani, kila upande ukisikia na kujibu. Mwaka 1925, Muungano wa Kimataifa wa Redio ya Ridhaa ulianzishwa jijini Paris. Ilikuwa imethibitika kwamba nguvu ndogo, ikiwa na wimbi fupi na antena nzuri, inaweza kuvuka bahari.

Jambo la msingi kwa historia ya Afrika Mashariki ni kwamba wimbi fupi lilipunguza ukubwa wa antena. Waya wa mita 20 au 40 unaweza kutundikwa kati ya miti miwili uani. Aidha, dipoli ya nusu wimbi haihitaji ardhi iwe sehemu yake. Lililokuwa jambo la serikali sasa liliweza kufanywa na mwalimu, mmisionari au mhandisi mmoja mmoja.

Hata hivyo, lililowezekana kiufundi lilifungwa na sheria. Mkutano wa kimataifa wa Washington wa mwaka 1927 uliweka utaratibu wa majina ya vituo. Makoloni ya Uingereza katika ukanda huu yalitumia VQ1 kwa Zanzibar, VQ3 kwa Tanganyika, VQ4 kwa Kenya na VQ5 kwa Uganda. Kituo kilichojitambulisha kwa VQ3 kilijulikana duniani kote kuwa kiko Tanganyika. Leseni ilitolewa na serikali ya kikoloni kwa aliyeweza kuthibitisha ujuzi, kununua vifaa kutoka ng'ambo na kuaminiwa na utawala. Katika jamii iliyopangwa kwa misingi ya rangi, masharti hayo matatu yaliwaelekea Wazungu. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, hata wao walinyamazishwa, kwa kuwa Uingereza ilifunga vituo vya ridhaa katika himaya yake.

Vita hivyohivyo viliwapa Waafrika nafasi waliyokuwa wamenyimwa uraiani. Wanajeshi wa Afrika Mashariki walifunzwa kazi ya ishara, wakapeleka na kupokea ujumbe wa redio hadi Burma. Wakurya wa Mara walijulikana kwa wingi wao katika King's African Rifles. Mwanajeshi wa ishara alilazimika kujua namna ya kutundika waya, kuchagua urefu wake na kusoma mita. Vita vilipokwisha, mtambo ulibaki mali ya jeshi. Askari alirudi kijijini na ujuzi wa kusema kwa redio, lakini bila mtambo wala leseni. Chombo pekee cha redio ambacho angeweza kukimiliki nyumbani kilikuwa kipokezi.

5.0 Miaka ya Kusikiliza, 1951–1999

Mwaka 1951, Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo kwa majaribio. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikazaliwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Redio za transista, ambazo hazikuhitaji umeme wa gridi, ziliifikisha sauti hiyo vijijini. Katika Musoma, Bunda na Butiama, umbali kutoka Dar es Salaam ulifanya masafa mafupi kuwa muhimu, na waya wa dirishani ukawa sehemu ya maisha.

Serikali ilifanya kusikiliza kuwa shughuli ya pamoja. Kampeni ya Wakati wa Furaha ya mwaka 1971, Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 zilitumia vikundi vya wasikilizaji. Wanavijiji walikusanyika kuzunguka redio moja, wakasikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakatekeleza waliyokubaliana. Mtu ni Afya peke yake ilihusisha watu wapatao milioni mbili. Mafanikio ya kampeni hizo katika uchimbaji wa vyoo na usafi wa maji yanajulikana. Hapa inafaa kutazama mwelekeo wa mawasiliano. Swali lililoulizwa kijijini halikurudi Dar es Salaam kwa redio. Kama lilirudi, lilirudi kwa barua au kwa mdomo wa kiongozi wa eneo.

Hali hiyo ilikuwa na sura ya pekee huko Butiama. Tangazo la vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin, Novemba 1978, lilitolewa na mtu aliyezaliwa huko, nalo likasikika kwa redio. Tarehe 14 Oktoba 1999, Rais Benjamin Mkapa alilitangazia taifa kwamba Mwalimu amefariki dunia huko London. Habari ya msiba wa nyumbani iliwafikia wengi wa jirani zake ikiwa imezunguka kwanza London na Dar es Salaam.

Kusema kwa redio hakukukosekana kabisa. Polisi, jeshi, hifadhi za wanyama, meli za ziwani na hospitali za mbali zilitumia simu za upepo. Shirika la Madaktari Warukao, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1957, lilijenga mtandao wa redio uliounganisha hospitali na misheni za mbali za Afrika Mashariki na makao yake katika uwanja wa ndege wa Wilson. Katika kituo cha aina hiyo, waya uliokatika au muungo uliopata kutu ulimaanisha ndege kutoitwa. Antena iliyooanishwa vizuri ilikuwa sehemu ya huduma ya afya sawa na dawa. Hata hivyo, mitambo hiyo yote ilikuwa ya taasisi. Raia aliweza kusemewa na taasisi, lakini hakuwa na masafa ya kusema mwenyewe.

6.0 Kutoka Vali hadi Transista

Wakati huohuo, namna ya kuoanisha antena ilikuwa ikibadilika. Mitambo ya vali iliyotumika hadi miaka ya 1970 ilikuwa na sakiti ya kutolea nguvu iliyoweza kurekebishwa kwa vitufe viwili. Mrushaji aliwasha mtambo kwa nguvu ndogo, akazungusha kitufe cha kwanza huku akitazama sindano ya mita ishuke hadi kiwango cha chini kabisa. Kisha alizungusha cha pili kuongeza mzigo, akarudi kwenye cha kwanza, hadi nguvu yote ilipoingia kwenye waya. Kazi hii ilikuwa uoanishaji wenyewe, uliofanywa kwa mkono na jicho kila masafa yalipobadilishwa. Mtambo wa namna hiyo ulivumilia nyaya za aina nyingi, na aliyeutumia alilazimika kuelewa alichokuwa akikifanya.

Kebo ya koaksia, iliyoendelezwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuenea wakati wa Vita vya Pili, ilifanya omu 50 kuwa kipimo cha kawaida. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, redio za transista za kurusha na kupokea zilikuja zikiwa zimefungwa kwenye kipimo hicho. Vitufe viwili viliondolewa. Badala yake iliwekwa sakiti ya kinga, ambayo hupunguza nguvu uwiano wa mawimbi simamizi unapozidi 2 hivi. Baadaye, vioanishi vinavyojirekebisha vyenyewe viliwekwa ndani ya redio, vingi vikiwa na uwezo wa kushughulikia uwiano usiozidi 3.

Maendeleo hayo yalileta urahisi, na pia yalizaa dhana potofu mbili. Dhana ya kwanza ni kwamba kioanishi kilicho kando ya redio huirekebisha antena. Ukweli ni kwamba huiridhisha redio tu. Katika kebo inayotoka kwenye kioanishi kwenda juu, mawimbi simamizi huendelea kuwapo, na kebo ndefu au duni hugeuza sehemu ya nguvu kuwa joto. Dhana ya pili ni kwamba uwiano mdogo ni ushahidi wa antena nzuri. Kizuizi cha majaribio cha omu 50 huonesha uwiano wa 1 kamili, lakini hakirushi kitu. Kwa sababu hiyo, kebo iliyoingia maji inaweza kuonesha kipimo cha kupendeza huku nguvu ikiishia njiani.

7.0 Waya katika Mazingira ya Mara

Kanuni za jumla hupata maana kamili zinapowekwa mahali fulani. Kwa mstari ulionyooka, Musoma iko takriban kilomita 35 kutoka Butiama, na Butiama iko takriban kilomita 30 kutoka Bunda. Redio ndogo za mkononi za masafa ya juu sana hutegemea upeo wa macho. Antena mbili zilizo mita 10 juu ya ardhi tambarare zina upeo wa takriban kilomita 13 kila moja, yaani kilomita 26 kwa pamoja. Umbali huo hautoshi, na vilima vya eneo hilo huupunguza zaidi. Pasipo kituo cha kurudishia mawimbi kilimani, miji hii mitatu haiwezi kuzungumza kwa redio za aina hiyo.

Masafa ya megahezi 7 hutoa njia nyingine, nayo inahitaji antena ya chini. Dipoli iliyotundikwa mita 5 hadi 10 juu ya ardhi huelekeza sehemu kubwa ya nguvu yake moja kwa moja angani. Ayonosfea huirudisha chini na kuieneza katika duara la mamia ya kilomita, bila kujali vilima. Karibu na Ikweta, ayonosfea ya mchana kwa kawaida ina uwezo wa kurudisha masafa hayo. Usiku uwezo huo hupungua, na huenda ikalazimu kushuka hadi megahezi 3.5, ambako waya huhitaji urefu maradufu. Kuwa chini kuna faida nyingine: ukinzani wa dipoli hushuka kutoka omu 73, na unaweza kukaribia omu 50 ambazo redio inazitarajia. Mlingoti mmoja wa mkaratusi katikati, na ncha mbili za waya zikishushwa kuelekea chini kila upande, hutosha kwa kazi hiyo.

Udongo nao una la kusema. Sehemu nyingi za Musoma na vitongoji vyake zina majabali ya granaiti na udongo mwembamba wa kichanga, ambao ukikauka haupitishi umeme vizuri. Antena ya wima inayotegemea ardhi hupoteza nguvu mahali kama hapo isipolazwa nyaya nyingi chini yake, ilhali dipoli haihitaji hilo. Hata hivyo, ardhi hiyohiyo inahitajika kwa usalama. Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na waya mrefu ulio juu huvuta hatari. Kebo inapaswa kuchomolewa na kuwekwa nje ya nyumba dalili za mvua zinapoanza, na fimbo ya kuzamishia umeme ardhini inapaswa kwenda chini hadi kwenye unyevu.

Upatikanaji wa vifaa pia ni sehemu ya historia. Kebo ya koaksia iliyo rahisi kupatikana madukani ni ile ya televisheni, ambayo mafundi huiita kebo ya dishi. Kebo hiyo ni ya omu 75, si 50. Mtu anayefuata maelekezo ya kitabu cha ng'ambo angeiona haifai. Ukweli ni kwamba inalingana na dipoli ya omu 73 karibu kabisa, na upande wa redio huonesha uwiano wa 1.5, ambao redio nyingi huukubali bila kioanishi. Penye duka la dishi, waya wa shaba na mizani ya hesabu, kikwazo cha vifaa upande wa antena si kikubwa kama kinavyodhaniwa. Kinachobaki kuwa kigumu ni bei ya redio yenyewe, ujuzi na leseni.

8.0 Leseni na Sauti

Baada ya uhuru, jina la VQ3 liliachwa na Tanzania ikatambulika kwa 5H. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo visivyo vya serikali. Mara ilipata sauti zake, zikiwamo Victoria FM ya Musoma na Mazingira FM ya Bunda. Mlingoti uliosimamishwa mkoani sasa ulirusha habari za mkoani, na kwa simu ya mkononi msikilizaji aliweza kuingia hewani. Mwaka 2003 ilianzishwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ndiyo yenye jukumu la kutoa leseni, zikiwamo za redio ya ridhaa.

Mabadiliko hayo ni makubwa, lakini hayajamaliza suala. Anayepiga simu studio husema kwa ruhusa ya mtangazaji. Anayepiga simu ya mkononi husema kwa mnara wa kampuni, na mnara ukizimika naye hunyamaza. Mwenye leseni ya ridhaa ni raia wa kawaida anayerusha kwa mtambo na antena yake, kwa jina la kituo linaloitaja nchi yake, akiwajibika mwenyewe kwa usafi wa mawimbi yake. Sehemu kubwa ya sauti za 5H zilizosikika duniani zimekuwa za wageni waliokuja kwa kazi, misheni au matembezi. Mtu wa Bergen au Osaka anayejivunia kuwasiliana na Tanzania mara nyingi amezungumza na mgeni mwenzake aliyetundika waya kwenye mti wa Tanzania.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba waya wa antena una historia ya kijamii. Kituo cha Bukoba kiliharibiwa kwa sababu kilikuwa na uwezo wa kusema. Jeshi lililopoteza vituo vyake lilibaki kusikiliza. Mwanajeshi wa ishara alirudi nyumbani na ujuzi usio na leseni. Kijiji cha Mtu ni Afya kilisikiliza kwa bidii kwa kutumia waya usiohitaji kipimo. Katika kila hatua, kusikia kulikuwa rahisi zaidi kiufundi na kisheria, na kusema kulikuwa kugumu kwa yote mawili.

Ugumu wa kiufundi, hata hivyo, umekuwa ukipungua tangu mawimbi mafupi yalipoifanya antena itoshe uani. Hesabu ya dipoli hufundishika kwa somo moja la fizikia katika shule ya sekondari: kasi ya wimbi, masafa, mgawanyo, kisha utepe wa kupimia. Wanafunzi wa Musoma, Bunda na Butiama wanaweza kukata waya wa mita 20, kuupandisha mlingotini, kupima uwiano wake na kuufupisha kidogo kidogo hadi ulingane na redio. Watakapofanya hivyo wakiwa na leseni mkononi, kwa mara nyingine mawimbi yatavuka vilima kati ya miji hiyo mitatu, na safari hii yatakuwa yametoka kwao.